Mlango Ambao Lorraine Hakuuchora

Matisi, Kitale
Jumapili, 15 Juni 2025

Dada yangu Wacuka, Mama Lorraine,

Pokea salamu zangu nyingi, na amani ya Bwana iwe nyumbani mwako hapo Sirisia. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, presha imetulia na miguu haivimbi tena kama Agneta alivyonieleza. Huyo Agneta wa maharagwe ndiye anayenipa habari zako. Kila Alhamisi akirudi kutoka soko lenu hupita hapa kwangu, nami humwuliza juu yako kama mtu anayeuliza bei tu, bila kuonyesha haja. Nadhani ameshanigundua, kwa sababu siku hizi hunieleza kabla sijauliza. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua asubuhi, macho bado yanasoma, na mahindi katika kile kipande nilichokodi nyuma ya mtaa yamenifika kiunoni, ingawa viwavi wameanza kuyaonja.

Najua mwandiko wangu utakushangaza. Miaka kumi na saba hatujaandikiana, na simu zangu hupokei, jambo ambalo sikulaumu. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho. Ukichoka njiani iweke, kisha uirudie, kwa maana jambo lenyewe liko mwishoni na sina ujasiri wa kulitanguliza.

Nianze na binti yako. Mwezi wa Aprili Lorraine alikuja kunitembelea Jumapili nne mfululizo, akiwa na mkate, sukari na daftari. Aliniita mjomba kama zamani. Aliniambia kikundi chao cha sanaa kinatengeneza mchezo kuhusu watu waliohama makwao, na angependa kujua habari za nyumba yetu ya Tongaren. Hakutaka habari za vita, alisema, alitaka nyumba. Hatua ngapi kutoka jikoni hadi sebuleni? Meza ilikaa upande gani? Asubuhi jua liliingia kwa dirisha lipi? Dada yangu, hapa Matisi hakuna anayejua kwamba niliwahi kuwa na nyumba ya madirisha saba. Nilimjibu mtoto yule kwa furaha ya mtu aliyekaa na vitu vyake mfukoni miaka mingi bila wa kumwonyesha. Nilimchorea nyumba nzima nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Nilichora yote isipokuwa mlango wa stoo.

Wewe unaujua mlango huo, lakini barua hii huenda ikasomwa na watoto wetu baadaye, kwa hiyo naueleza. Kang'ethe, mume wako, aliutengeneza mwaka wa 2006, wakati mlipokuwa mkiishi nasi kule shambani. Ulikuwa nyuma ya stoo ya mahindi iliyoshikana na jiko. Mbao zake zilikuwa zile zile za ukuta, na mbele yake tuliweka magunia. Mlango ule haukusukumwa wala kuvutwa. Ulipaswa kuushika chini kwa mikono miwili na kuuinua mpaka utoke kwenye mfereji wake, ndipo uusukume nje, kisha uvuke kizingiti kilichofika magotini. Ungeweza kuinuliwa kutoka ndani au kutoka nje, mradi mtu ajue pa kushika. Kang'ethe aliuonea fahari sana.

Asubuhi ile ya Januari 2008, vijana wenye mapanga walipofika mbele ya nyumba, sisi tulitokea kwa mlango huo, wewe na watoto mkiuona kwa mara ya kwanza. Wenzao walikuwa tayari wamesimama nyuma kwenye majani ya ng'ombe, wakitungoja. Mwanangu Muigai alitangulia. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alifariki siku ya tatu.

Mwezi wa Machi wazee wa ukoo wetu walikutana hapa Matisi, katika vyumba viwili nilivyokuwa nimekodi, wakauliza ni nani waliojua mlango ule. Nikajibu kwamba tulikuwa watatu: mimi, Gladwell mke wangu, na aliyeutengeneza. Mimi na Gladwell tulikuwa ndani ya nyumba. Kang'ethe alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Kitale kununua misumari. Yaliyofuata unayakumbuka kuliko mimi. Aliapa kwa Biblia na hakuna aliyempa mkono. Ulijitwika godoro, na Lorraine, mtoto wa miaka kumi na miwili, akabeba msumeno wa baba yake, mkaenda kuanza maisha Sirisia. Gladwell alikufa bila kumsalimu Kang'ethe tena. Na Kang'ethe alipofariki mwaka wa 2019 sikuja kumzika.

Sasa nirudi kwenye mchezo. Lorraine aliponiambia utaonyeshwa Tongaren, kwenye uwanja wa kanisa, Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, nilimwuliza nani ameandika maneno. Akasema hakuna maneno. Nikauliza nani wataigiza. Akasema ni hao watakaokuja kutazama. Mimi nimefundisha miaka thelathini na nimepeleka watoto kwenye mashindano ya maigizo mara nyingi. Watoto wanasema maneno yao, wazazi wanapiga makofi, waamuzi wanaandika alama. Nikamwambia mchezo wake ni sawa na mwalimu anayewaachia wanafunzi wajitungie mtihani na kuusahihisha. Alicheka, akasema wao hutengeneza nusu, nusu nyingine watu huja nayo, na huwezi kujua ni nusu gani mpaka waingie. Nilichukulia kuwa huo ni uvivu wa vijana wa siku hizi. Lakini nilikwenda. Sikuwa nimekanyaga Tongaren tangu siku ile.

Hapakuwa na jukwaa. Juu ya nyasi walikuwa wamechora nyumba kwa majivu, kwa ukubwa wake halisi, kila ukuta mstari mmoja mweupe na kila mlango pengo. Niliitambua kabla sijashuka kwenye gari. Watu walikuwa kama mia mbili, akina mama wa kanisa, wenye maduka, vijana wa bodaboda. Msichana wa kikundi, Linah, akachukua kipaza sauti, akaeleza kwamba hii ni nyumba ya watu wanaopaswa kuondoka sasa hivi. Yeyote anayetaka aingie kwa mlango wa mbele, achukue kitu kimoja, atuambie ni nini, atoke. Basi.

Mwanzoni walisukumana na kucheka. Kisha kijana wa bodaboda akaingia, akajifanya kubeba televisheni kubwa mpaka mgongo ukapinda, na wenzake wakampigia kelele ati huko si kuhama bana, huo ni wizi. Akafuata Nabwile, mama anayeuza mandazi sokoni. Aliinama polepole, akainua kitu kwa uangalifu, akakifunga mgongoni kwa leso. Alipoulizwa ni nini alisema ni mama mkwe, hawezi kutembea. Watu walicheka, halafu wakaacha. Mzee mmoja akaingia kutafuta cheti cha shamba, asikione, na uwanja mzima ukaanza kumwelekeza: angalia chini ya godoro, angalia kwa Biblia, si uulize bibi yako, wanaume hamjui vitu vinakaa wapi.

Wacuka, niliona jambo nisilolitarajia. Mwanamke mmoja aliposema kwamba hapa kuna meza akaizunguka, wote waliomfuata waliizunguka meza ile. Hapakuwa na kitu pale ila nyasi, lakini hakuna aliyethubutu kupita juu yake. Baada ya saa moja nyumba ilikuwa imejaa. Ilikuwa na vitanda, sufuria, picha ya harusi, hata harufu ya maziwa yaliyoungua, maana mtu alisema ameyaacha jikoni na wengine wakaanza kunusa. Nilikiri moyoni kwamba nimekosea. Watu wale, na baadhi yao huenda walikuwepo Januari ile, walikuwa wananirudishia nyumba yangu kipande kwa kipande bila kujua ni ya nani. Nililia kidogo. Wekoye aliyekaa kando yangu akanipa kitambaa chake.

Wekoye unamkumbuka. Mashamba yetu yalipakana, alinipa ng'ombe wake wa kulimia kila msimu, na asubuhi ile alikuja na mkokoteni, akamfunika Muigai kwa mabua ya mahindi, akatupitisha katikati ya vijana wale mpaka barabara ya lami. Miaka kumi na saba hakuna Krismasi niliyoacha kumpelekea kitu. Sasa ana miaka themanini na kumbukumbu inamtoka. Siku hiyo aliniuliza mara tatu Gladwell hajambo, nami mara tatu nikamjibu hajambo, anakusalimu.

Kisha Linah akafunga pengo la mlango wa mbele kwa kamba. Akasema sasa kuna watu wabaya mbele ya nyumba, tutokeni njia nyingine. Wengine waliruka madirishani. Mwenye bucha, mtu mnene, alikwama kwenye dirisha lisilokuwepo mpaka akavutwa na watu wawili, uwanja ukavunjika mbavu. Vijana wakaanza kumchokoza Wekoye, ati mzee wewe ni wa zamani, tuonyeshe basi mlivyokuwa mkitoroka wakwe. Akaniachia bakora yake, akainuka.

Walimnyanyulia kamba akapita chini yake. Alivuka sebule, akaizunguka meza, akapita jikoni, akaingia stoo. Hakuna aliyekuwa ameingia humo kutwa nzima. Alisimama kidogo. Kisha akainama, akashika gunia kwa pembe zake mbili na kuliburuta kando, akaburuta la pili, na nikaona uzito wa mahindi kwenye mabega yake. Akaukabili mstari wa majivu mahali pasipokuwa na pengo lolote. Akashusha mikono miwili chini kabisa, akakunja magoti, akainua. Aliinua mpaka usawa wa kifua, akasukuma nje, akanyanyua mguu juu sana kama mtu anayevuka kizingiti kirefu, kisha wa pili, akawa nje.

Makofi yalilipuka. Walisema mzee amewamaliza vijana, amevunja ukuta mzima. Watu mia mbili waliona kichekesho cha mzee anayejitobolea njia, na sidhani walikosea, maana ndicho walichopewa. Mimi niliona kitu kingine katika mwendo ule ule. Nilipogeuka nilimwona Lorraine upande wa pili wa uwanja, daftari limemwanguka. Yeye pia aliona. Ni binti wa fundi.

Baadaye alinieleza yote, wala hakujificha. Alisema baba yake, siku za mwisho, alimwambia kwamba aliyetuuza anajua mlango ule huinuliwa, na kwamba mikono yake haitasahau hata akili yake ikisahau. Hakumtaja mtu kwa sababu hakumjua. Kwa hiyo Lorraine akaitengeneza nyumba, akaipeleka Tongaren, akawakaribisha wote waingie. Nilimwuliza kwa nini hakuuchora mlango ule kama aliujua. Akasema alichora kile nilichompa.

Sitakuficha, niliumia. Zile Jumapili nne, mkate ule, yale maswali ya jua na madirisha! Nilidhani ananitafuta mimi, kumbe anatafuta mlango. Nilimwambia ametumia uzee wangu kama kamba ya kufungia mzigo wake.

Lakini hayo ni baada. Kwanza nilimwendea Wekoye. Alikuwa amerudi kwenye benchi akitafuna njugu, amefurahi kwa makofi aliyopigiwa. Lorraine alinifuata, akasimama nyuma yangu. Nikamwuliza Wekoye kwa upole, asubuhi ile vijana walijuaje kutungoja nyuma? Hakushtuka. Alisema walimshika mwanawe Wanyonyi, wakasema watamkata mbele ya macho yake asipoonyesha familia ya Mwalimu itapitia wapi, naye akawaambia wakae nyuma ya stoo. Alilisema kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda posho mill kusaga mahindi. Kisha akaniongezea njugu mkononi.

Dada yangu, sijui kuieleza hali hiyo. Mtu aliyenisaliti alikuwa mbele yangu na sikuwa na wa kumkasirikia. Yeye usaliti ameshautua, ameniachia peke yangu. Na mkokoteni ule, na kitambaa kile cha kufutia machozi, niviweke wapi? Mkono uliomfunika mwanangu mabua ndio uliomwonyesha njia aliyemkata.

Ningenyamaza hapo, mambo yangekuwa tofauti. Lakini Lorraine alikuwa nyuma yangu, nami nikarudi kuwa mwalimu. Nikamwuliza Wekoye kwa sauti, na wewe ulionyeshwa mlango ule na nani? Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye ninayepoteza kumbukumbu. Akasema si ni wewe, Mwalimu. Krismasi ile. Ulinifanya niuinue mara tatu mpaka nikaweza.

Ndilo jambo nililokuwa nikilivutia pumzi tangu mwanzo wa barua hii. Ni kweli. Krismasi ya 2007, uchaguzi ukinukia vibaya, nilimwingiza Wekoye stoo nikamwonyesha, ili tukizingirwa aje atufungulie kutoka nje. Aliuinua mara tatu. Tulicheka. Gladwell alikuwa kanisani, na Kang'ethe alikuwa Bungoma kwa kazi. Waliojua mlango ule hawakuwa watatu. Tulikuwa wanne, na mimi nilijua tulikuwa wanne siku ile niliyosimama mbele ya wazee na kusema watatu.

Sikusahau, Wacuka. Watu watataka kuniombea udhuru wa msiba na wa uzee, usiukubali. Nilipofungua mdomo jina la Wekoye lilikuwa kwenye ulimi wangu na nikalimeza. Kumtaja yeye kulikuwa ni kunitaja mimi, baba aliyefundisha njia ya kumfikia mwanawe. Tena ilikuwa ni kuutemea mate mkokoteni uliotuokoa. Nikajiambia Wekoye hawezi kutuuza, kwa hiyo hana haja ya kuhesabiwa. Kang'ethe hakuwa na shamba. Alikuwa anaishi kwangu, anakula kwangu. Nilimwacha abebe kwa sababu kumpoteza yeye kulikuwa rahisi. Alipoapa alinitazama mimi, si wazee. Huenda hakujua nilichokuwa nacho, lakini alinitazama, na mimi nikatazama sakafu.

Nimejiona nikilalamika juu ya Lorraine na Wekoye kurasa hizi zote, na kilio changu si cha uongo. Wamenisaliti kweli, mmoja kwa hofu na mwingine kwa haki. Ila wa kwanza katika safu hiyo ni mimi, na aliyelipa ni mume wako.

Lorraine aliponishusha hapa Matisi jioni ile alisema jambo moja tu. Alisema mjomba, mimi sitamwambia mama, utamwambia wewe. Siku nane zimepita nikianza na kuchana karatasi.

Katika kikao kile, ukiniacha mimi na wewe, waliobaki hai ni wanne. Naijua tabia yangu. Ningekuandikia wewe peke yako, ungeniandikia maneno ya upole au usingeniandikia kabisa, na kwa vyovyote ningepata sababu ya kuliacha jambo libaki kati yetu wawili. Kwa hiyo jana nilianza na wao. Nimemwandikia kila mmoja ukurasa mmoja, wenye majina manne ya waliojua mlango, na jina la Kang'ethe likiwa limeondolewa kwenye lawama kwa mkono wangu na sahihi yangu. Barua hizo zimekwisha kuondoka Kitale asubuhi hii kwa matatu, kabla ya ibada. Zitawafikia kabla hii haijakufikia wewe. Siwezi kuzirudisha hata nikitaka, na nimekwisha kutaka mara mbili tangu saa tatu.

Tarehe ishirini na nane Lorraine atachora nyumba ile hapo Sirisia, kwenye uwanja wa soko. Ameniomba niingie. Nitaingia, niuinue mlango huo mbele ya watu waliomzika Kang'ethe, na niwaambie nilimfundisha nani. Sikuombi unisamehe, wala sikuombi uje kutazama. Nakuomba jambo moja, uniambie kama nikimaliza naweza kufika kaburini, au nirudi Kitale moja kwa moja. Jibu lolote utakalompa Agneta nitalifuata.

Wasalimie akina mama wa kanisa lenu waliokuuguza. Majirani zangu hapa Matisi wanakusalimu pia, ingawa wanajua tu kwamba nina dada. Meza dawa zako kwa wakati, na usibebe maji mwenyewe. Mungu akutunze.

Ni mimi kaka yako,
Gathogo